Uzito Ukae Juu ya Mbao

4 Februari

Mwanangu Chiriku,

Pokea marahaba yangu hata kabla hujaniamkia, maana najua ukiuona mwandiko huu utajiuliza nani kafa. Hakuna aliyekufa. Baba yako mzima, ila macho yanamchosha. Ameihamishia meza yake ya saa dirishani, na sasa kila anayepita barabarani anamuuliza ni saa ngapi, kana kwamba fundi saa ni mnara. Kazini kwangu wametuletea mashine mpya ya kufulia. Ikianza kukamua, inatembea. Jana tuliikuta imefika mlangoni, tukasema hata yeye kachoshwa na mashuka ya hospitali.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu wewe husema "ndiyo" na "hapana", nami naishia kukuuliza kama huko kuna mvua. Kwenye barua angalau nitamaliza sentensi.

Nina shida ya kifundi. Nataka kutengeneza stendi ya mbao ya kuwekea tangi la samaki. Sisemi kutengenezewa, nasema kutengeneza mwenyewe. Nimeshanunua mbao na msumeno, nimevificha uani chini ya turubai. Baba yako nimemwambia ni rafu ya maua. Hakuuliza maua yapi, na miaka yote hii hajaona ua ndani ya nyumba hii.

Nianzie wapi? Miaka ishirini nimenyoosha vya watu vikanyooka, lakini ubao hauogopi pasi.

Ni mimi,
Mama Pasi


2 Machi

Mama Pasi, shikamoo.

Barua ilifika. Nimechelewa kwa sababu ya kazi. Mimi mzima. Kidole gumba nilikigonga kwa nyundo wiki iliyopita lakini kucha haikutoka. Msalimie baba, mwambie asifanye kazi bila taa.

Hapa karakanani tuna milango arobaini ya shule, na bosi wetu, tunayemwita Futikamba kwa kuwa hata mkate huupima kabla ya kuukata, hatuachii nafasi ya kupumua.

Kuhusu stendi. Kwanza ujue uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita mia mbili, ukijumlisha kioo na changarawe, ni watu wazima wanne waliokaa juu ya meza moja na hawashuki. Kwa hiyo usitumie mbao nyembamba. Chukua za inchi mbili kwa nne, zilizokauka. Mbao mbichi itakudanganya leo, mwezi ujao ijipinde. Kata miguu yote kwa kipimo kimoja: ubao wa kwanza ndio uwe kipimo cha mingine, usipime kila mmoja upya.

Niandikie urefu, upana na kimo cha tangi. Na kwa nini usimwite fundi? Mtaani wapo. Na tangi lenyewe ni lipi?

Chiriku


11 Machi

Chiriku mwanangu, marahaba.

Pole kwa kidole. Baba yako niliposoma habari ya nyundo alikitazama kidole chake mwenyewe, kama ndicho kilichogongwa. Anakusalimu sana, ila unamjua: salamu zake lazima azichomoe mtu mwingine mfukoni mwake.

Sasa nicheke nami. Barua yako ilichelewa, nami uvumilivu sina, nikaanza bila wewe. Nilikata miguu minne. Nikaisimamisha, mmoja mrefu. Nikaupunguza, ukawa mfupi. Basi nikaipunguza ile mitatu, mmoja ukakataa. Nikaendelea kuibembeleza hivyo hivyo tangu asubuhi hadi jua la saa nane, na nilipoacha nilikuwa nimetengeneza kigoda. Jirani mwenye cherehani alichungulia ukutani akaniuliza, "Mama Pasi, hicho ni cha kuku kulalia?" Nikamwambia ndiyo, ili anyamaze.

Nimenunua mbao nyingine, zilizokauka safari hii. Vipimo ni hivi: urefu sentimita mia moja, upana arobaini, kimo hamsini.

Kuhusu fundi, akija yeye itakuwa kazi yake, haitakuwa yangu. Hayo mengine uliyouliza nitayajibu mkono ukipoa. Msumeno umenikwaruza kidogo.

Mama Pasi


20 Aprili

Mama Pasi, shikamoo.

Ni wiki tano sasa, najua. Sikuwa mgonjwa. Milango ya shule imekwisha, sasa tuna makabati.

Vipimo hivyo navijua. Mia moja, arobaini, hamsini. Niliambiwa kuwa tangi la marehemu mama lilitupwa. Sijui nani aliniambia, labda hakuna aliyeniambia, nilijiaminisha tu. Kumbe lipo.

Lile jambo la samaki sitaki tulizungumze. Limepita miaka sita. Nakuomba.

Hii hapa kazi. Uzito usikae kwenye skrubu, ukae juu ya mbao. Wanaoanza wote hukosea hapo. Wanaigongomea fremu ya juu ubavuni mwa miguu, basi maji yote yananing'inia kwenye vyuma vidogo vinne. Itasimama mwezi, miezi mitatu, halafu siku moja itakatika bila hodi. Fremu ya juu iikalie miguu kichwani. Skrubu kazi yake ni kuzuia mbao isihame tu, si kubeba.

Kabla ya kukaza, pima fremu kona hadi kona, kimshazari, mara zote mbili. Vipimo vikilingana, iko sawa. Visipolingana, imelala upande mmoja, isukume taratibu mpaka ikubali. Juu weka plaiwudi, na juu ya plaiwudi sponji jembamba, maana kioo hakitaki kukalia jiwe hata dogo kama punje.

Chiriku


28 Aprili

Chiriku,

Fremu imekubali. Nilikuwa nimeigongomea ubavuni kama ulivyosema wanaoanza hukosea, nikaifungua yote. Mshazari wa kwanza na wa pili inapishana kwa upana wa kucha.

Umeniomba tusizungumze. Nimekusikia. Lakini wewe usizungumze, mimi acha nizungumze, kisha ukitaka chana barua.

Tangi halikutupwa. Nililifunga kwa mashuka mawili mabovu ya hospitali nikaliweka stoo, na miaka sita nimekuwa nikiingia stoo huku nimelipa kisogo. Mwezi wa kwanza mwaka huu nilirudi kutoka kazini mapema, nikamkuta baba yako amekaa sakafuni stoo. Amelifungua. Anafuta vumbi la kioo kwa leso yake, taratibu, kama anavyofuta uso wa saa. Hakuniona. Nilirudi nje nikasimama barabarani mpaka muda wangu wa kawaida ulipofika, ndipo nikaingia kwa kukohoa.

Siku ile unaijua. Kioo kilikuwa na madoa ya kijani, nami nilikuwa na kitambaa cha kazini mkononi, nikakifuta kwa nje. Nilidhani ni kwa nje tu. Mimi ni mtu wa sabuni, mwanangu, inalala kwenye kucha zangu. Labda tone lilidondoka ndani, labda niliushika ukingo. Jioni samaki wote kumi na mmoja walikuwa wanaelea. Wewe ukalia, ukaninyooshea kidole. Na baba yako akasema, "Mke wangu asingefanya hivi."

Nami nilikuwa nimesimama palepale, pete kidoleni.

Lakini si hilo ninalokuandikia. Nataka kukuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilipowaona wanaelea, kabla hujaingia, kabla hajaingia mtu, nilifurahi. Si kwa muda mrefu. Kama mtu anayetua mzigo kichwani. Miaka mitano nilikuwa nimeingia nyumba ambayo kila asubuhi mnawapa chakula samaki wa mwanamke mwingine kabla ya kunywa chai niliyoichemsha mimi. Nikasema moyoni, haya, kumekwisha. Kisha nikauona uso wako.

Kwa hiyo hata kama sabuni haikuingia, mkono wangu ulikuwa tayari. Ndiyo maana natengeneza stendi. Siwezi kuwarudisha wale. Naweza kulisimamisha tangi lao mahali pake.

Mama Pasi


19 Juni

Chiriku,

Hatujambo. Sijapata barua yako. Nilisema mengi, naona. Samahani, umeniomba nisiseme nikasema.

Stendi imekwisha Jumapili. Sakafu ya sebuleni kumbe ina mteremko, miaka yote nimeideki na sikuujua. Kale kapovu ka pimamaji kalikuwa kanakimbilia dirishani. Nimechonga kabari mbili nikazipachika chini ya miguu ya upande wa pili. Vanishi nilipaka mara tatu, ina alama za brashi na unywele mmoja, sijui wa nani.

Baba yako aliporudi na mkate aliliona tangi juu ya stendi. Akasema, "Hii ndiyo rafu ya maua?" Nikasema ndiyo. Akaushika mguu mmoja wa stendi, akautikisa. Haukutikisika. Akaenda jikoni akarudi na ndoo ya maji. Tukalijaza wawili, ndoo kwa ndoo. Samaki hatuna. Ni maji tu, na jioni taa ikiwaka yanatupa mwanga darini.

Ukipata nafasi, hata mstari mmoja.

Mama Pasi


7 Julai

Mama Pasi, shikamoo.

Barua hii ni ya tano. Nne nimezichana. Futikamba kaniuliza kama naandika barua au natengeneza makaratasi.

Sitazungukazunguka. Hukuwaua wewe. Niliwaua mimi.

Mama alinifundisha maji mapya lazima yakae kwenye ndoo siku mbili, dawa ya bomba itoke, na usibadilishe yote kwa mara moja. Mimi nilikuwa sijawasafishia kwa miezi miwili. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nina rafiki zangu, nimechoka na samaki. Baba alikuwa ameshaniambia mara tatu. Basi siku moja kabla nikayamwaga maji yote, nikajaza ya bomba moja kwa moja. Dakika kumi, kazi imekwisha, nikatoka. Asubuhi niliwakuta juu, midomo wazi, wanahema. Wawili walikuwa wamelala ubavu. Nilijua. Nikachukua mkoba nikaenda shule.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini sikumwamsha baba. Nilitaka wafe wakati sipo nyumbani, nadhani ndiyo sababu.

Niliporudi baba alikuwa amesimama pale. Akauliza, "Nani kagusa maji?" Nikakiona kitambaa chako ukingoni. Kilikuwa na povu kidogo. Kikanijia kama zawadi. Nikasema, "Mama Pasi kapiga sabuni." Sasa nachonga mbao nalipwa kwa kuchonga, lakini siku ile nilikuchongea wewe bila malipo.

Nilidhani atakugombeza kidogo, mambo yaishe. Lile neno alilosema sikulitarajia. Nilikutazama. Ulikikunja kile kitambaa mara nne, kama nguo, ukaenda jikoni. Chakula kilipoiva ulinipakulia mimi kwanza.

Miaka miwili niliyokaa hapo baada ya siku ile, kila uliponifanyia jema nilikuchukia zaidi. Ndiyo maana niliondoka. Uliwaambia watu nimefuata ufundi. Nilikuwa nakukimbia wewe na wema wako.

Sina la kuomba.

Chiriku


30 Agosti

Chiriku,

Nyumbani wazima.

Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza yalitoka matusi, na matusi kwa mwandiko wangu yangekaa milele. Nimengoja yapungue. Yamepungua, hayajaisha.

Miaka sita nimenawa mikono kabla ya kuingia nyumbani mwangu, kwenye bomba la kazini, mara mbili, nisije na harufu ya sabuni. Msimamizi wetu alidhani nina ugonjwa wa ngozi, akanipa dawa ya kupaka. Niliipaka! Miaka sita baba yako hajaninyanyulia sauti, na mimi kila alipokuwa kimya nilisikia lile neno lake. Na wewe ulijua. Ulikula, ukalala, ukaniamkia "shikamoo" asubuhi, ukijua.

Mtoto wa miaka kumi na sita akisema uongo kwa hofu, hilo namwelewa. Wa kumi na saba je? Wa kumi na minane? Ulipopanda basi kwenda huko, nilikushikia begi. Ungeweza kunong'ona tu.

Ni kweli nami nilifurahi walipokufa, na hilo ni langu, sikutwishi. Lakini usiuchanganye mzigo wangu na wako. Kila mtu abebe wake.

Baba yako sijamwambia. Si kazi yangu. Barua yako nimeificha kwenye kabati la mashuka kazini, chini kabisa. Hutamwandikia, maana atasoma atakunja ataweka mfukoni, na hatutajua kamwe. Njoo umwambie kwa mdomo.

Mama Pasi


12 Septemba

Mama Pasi, shikamoo.

Nakuja Ijumaa ya tarehe kumi na moja mwezi ujao, kwa basi la asubuhi. Nimeomba ruhusa ya siku tatu. Futikamba aliuliza nina msiba? Nikasema sijui bado.

Usinipikie chochote maalumu, tafadhali.

Chiriku


21 Oktoba

Chiriku mwanangu,

Natumai ulifika salama na kwamba yule abiria mwenye jogoo alishuka mapema. Jirani mwenye cherehani anakusalimu, anasema umekonda. Anamwambia hivyo kila mtu, ni njia yake ya kuuliza habari.

Uliondoka ukidhani baba yako kakutupa. Niliuona mgongo wako ulipokuwa unapanda basi. Ndiyo maana nakuandikia upesi, na safari hii usichelewe kujibu.

Uliyasema vizuri. Hukulia katikati, hukujitetea, hukusema "nilikuwa mtoto". Mimi nilikuwa mlangoni nikisikia, nawe ulijua nipo. Yeye hakuinua kichwa kutoka kwenye ile saa. Alisema "nimesikia" na basi. Siku tatu ulizokaa alikuwa akikuitikia shikamoo na kukuuliza kazi. Wewe ukaona amekasirika. Mimi nimekaa naye miaka kumi na moja: akikasirika huchokoza vyombo. Safari hii vyombo havikuguswa.

Nilikuona pia Jumamosi, umelala chali chini ya stendi, unaangalia viungo kwa tochi. Nikangoja uniambie nimekosea wapi. Ukatoka, ukajifuta vumbi, ukasema, "Hakuna cha kugusa." Neno hilo nililirudia kazini mpaka wenzangu wakanichoka.

Sasa sikiliza lililotokea Jumanne.

Tulikuwa tunapokea mashuka ya wodi, saa tisa alasiri, foleni imefika nje. Nikainua macho nikamwona baba yako kwenye foleni. Miaka yote hajawahi kukanyaga pale. Amevaa shati lake la kutokea, kile kioo chake cha kukuzia bado kimening'inia shingoni, amekisahau. Mbele yake walikuwepo wanne. Hakupita. Alingoja zamu yake kama mtu mwenye nguo.

Alipofika mbele msimamizi akamuuliza, "Mzee, umeleta nini?"

Akasema, "Nimekuja kuzungumza na huyu mama, nikiruhusiwa."

Nikajua mtu kafa. Nikatoka nje na aproni yangu. Tukasimama kando ya kamba za kuanikia, mashuka yanatupiga usoni. Akaanza, akaacha. Akaanza tena. Akasema, "Mtoto alisema uongo. Hilo ni lake. Lakini hata ungewaua kweli, wote kumi na mmoja, kwa makusudi, lile neno halikuwa la kukuambia. Neno lile nilikuwa nalo kabla samaki hawajafa. Nilikuwa nangoja sababu."

Nikamwambia, "Nami nilifurahi walipokufa."

Akanitazama sana. Akasema, "Nilijua. Ndiyo maana nilisema."

Hatukukumbatiana, usije ukafikiri. Sisi si watu wa hivyo, na wenzangu walikuwa wamejipanga dirishani kama wanatazama harusi. Alikishika kioo chake pale shingoni, akashtuka kukikuta, akakitia mfukoni. Akasema atanisubiri nimalize zamu. Nikamwambia bado saa mbili. Akasema saa mbili si kitu kwa fundi saa. Akakaa kwenye benchi la wateja, na nilipopita na toroli ya mashuka aliniondolea miguu yake njiani, kila mara, bila kukosea hata mara moja.

Wewe nimekusamehe nusu. Sikudanganyi kuwa ni zaidi. Ile nusu nyingine inakuja na kurudi. Asubuhi huwa haipo, nikishika sabuni inarudi. Usiniharakishe, na wala usiache kuandika ukidhani unanipumzisha.

Jana alikwenda sokoni akarudi na mfuko wa plastiki umejaa maji na samaki mmoja ndani, mdogo, wa kijivu, hana uzuri wowote. Nikamuuliza kwa nini mmoja. Akasema muuzaji alikuwa na wengi wa rangi, ila huyu alikuwa peke yake kwenye kopo. Maji mapya tulikuwa tumeyaacha kwenye ndoo siku mbili kabla, tumezihesabu wote wawili, kwa saa yake na kwa saa yangu. Leo asubuhi tumemtia. Amezunguka tangi zima mara moja, kisha akasimama kwenye kona ya dirisha. Baba yako amesogeza kiti, na chai yake imepoa.

Mama Pasi